Fahamu Kitasa Chako: Usalama wa Mlango Huanza na Ufunguo

Mpangaji anapohamia nyumba mpya Kiamunyi, Lanet au Naivasha, hupokea ufunguo mmoja au miwili kutoka kwa mwenye nyumba. Ni wachache wanaouliza funguo nyingine ziko kwa nani. Huenda mpangaji aliyehama alibaki na wake, au fundi wa mabomba alichongesha mwingine. Mwenye ufunguo kama huo hana haja ya kuvunja mlango. Huingia kama mwenyeji, na haachi alama yoyote.

Kitasa hufanyaje kazi?

Vitasa na makufuli mengi madukani hutumia pini. Wamisri wa kale walikuwa na vitasa vya mbao vya aina hiyo. Muundo wa kisasa ulitokana na Mmarekani Linus Yale Mdogo, aliyepata hataza zake mwaka 1861 na 1865.

Ndani ya silinda kuna safu ya pini, kwa kawaida tano au sita. Kila pini ina vipande viwili vinavyosukumwa na springi. Meno ya ufunguo sahihi huinua kila pini hadi kimo chake, ndipo silinda inapozunguka. Pini moja ikizidi au ikipungua kimo, mlango haufunguki.

Zana za mafundi

Mafundi wa funguo wana zana maalum: vyuma vyembamba vya kuinulia pini na funguo zilizochongwa kwa kazi hiyo. Humsaidia mkazi aliyepoteza ufunguo bila kuharibu mlango. Mikononi mwa mwizi, zana hizo hizo ni hatari, hasa kwa kitasa cha bei ya chini ambacho pini zake hazikupimwa vizuri. Baadhi ya vitasa hivyo hutengenezwa kwa aina chache tu za meno, hata ufunguo wa jirani ukaweza kuvifungua.

Vitasa vya usalama wa juu hujengwa kupambana na zana hizo. Vingine vina pini zenye kiuno chembamba ambazo hunasa zikichokolewa, na vyuma vigumu vya kuzuia mashine ya kutoboa. Kampuni ya Medeco ya Marekani, iliyoanza mwaka 1968, ilitumia meno yaliyokatwa mshazari: pini lazima ziinuliwe na pia zizungushwe. Vingi huuzwa na kadi ambayo fundi huitaka kabla ya kuchonga ufunguo wa ziada.

Hata hivyo, hakuna kitasa kisichoshindwa. Kitasa bora humchelewesha mwizi, na mwizi hapendi kuchelewa.

Mambo ya kuzingatia

1. Unapohamia nyumba, zungumza na mwenye nyumba kuhusu kubadilisha silinda. Mara nyingi si lazima kubadilisha kitasa kizima.
2. Hesabu funguo zote na ujue kila mmoja uko kwa nani.
3. Usipige picha ya ufunguo na kuituma mtandaoni. Nambari iliyochapwa juu yake pia ni siri, kwani inaweza kutumika kuchonga mwingine.
4. Chongesha ufunguo kwa fundi anayejulikana, na usimwachie ukaenda zako.
5. Silinda isichomoze nje ya bamba la mlango, kwani huvunjwa kwa urahisi.
6. Kagua fremu, bawaba na komeo. Kufuli la bei ghali kwenye komeo jembamba halisaidii.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinakataza mtu kuwa na kifaa cha kutumia katika wizi au uvunjaji wa nyumba anapokuwa nje ya makao yake. Fundi mwaminifu hatakasirika ukimwomba kitambulisho, na yeye pia ana haki ya kukutaka uthibitishe kwamba nyumba ni yako.

Ukimwona mtu akichokoa mlango usio wake, usimkabili peke yako. Piga simu 999 au 112, kisha uwajulishe majirani wa Nyumba Kumi.