Mafunzo niliyopata kwenye kiwanja cha chopa

Hapa Kagongwa, karibu na Kahama, chopa tunaiona msimu wa kampeni. Inatua uwanja wa mpira, wanunuzi wa mpunga wanaacha mizani, na sisi tuliopewa fulana tunafunga kamba kuzuia watu. Kazi hiyo ilinikutanisha na marubani, nikaanza kufuatilia habari za ajali zao. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Chopa ndogo haimpi mgeni wa kazi nafasi ya kuwaza. Chukua Robinson R44, ya viti vinne na mapanga mawili. Injini ikizimika, rubani anatakiwa kushusha papo hapo wenzo ulio kushoto kwake, ili upepo unaotoka chini uendelee kuzungusha mapanga. Kwenye R22, ambayo ni ndogo zaidi, muda wenyewe ni sekunde moja na ushei. Akishtuka kwanza ndipo atende, amechelewa. Tena akisukuma usukani mbele ghafla mpaka abiria wajisikie wepesi kitini, kisha akarekebisha vibaya, panga linaweza kuukata mkia wa chopa hiyohiyo. Ndiyo maana mwaka 1995 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa kanuni maalumu kwa aina hizi mbili: asiye na saa 200 za helikopta, 50 kati yake kwenye aina anayoirusha, apate kwanza saa 10 na mwalimu pembeni. Leseni ya rubani binafsi inaanzia saa 40 tu. Tajiri wa dhahabu akikwambia anajirushia mwenyewe, muulize saa zake kabla hujapanda.

2. Umahiri wa chombo kimoja hauhamii kingine. Dereva wa mbio za magari Colin McRae wa Scotland alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997, 1999 na 2002. Septemba 15, 2007 alianguka na helikopta yake karibu na nyumbani kwake Lanark, akafa na wenzake watatu, wawili wao watoto. Leseni yake ilikuwa imeisha muda tangu 2005. Uchunguzi wa mahakama ulisema aliruka chini mno bila ulazima wowote. Hao watoto wananiuma hadi leo.

3. Wingu linadanganya mwili. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasiofunzwa kuruka kwa kutegemea vipimo vya ndani. Walipozuiwa kuona nje, wote walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Na hizo zilikuwa ndege za mabawa, ambazo hutulia kuliko helikopta. Rubani wa mcheza kikapu Kobe Bryant alikuwa na maelfu ya saa, na bado wingu la California lilimpoteza Januari 26, 2020. Watu tisa walikufa.

4. Rubani apewe nafasi ya kukataa. Oktoba 15, 2015, siku kumi kabla ya uchaguzi, mbunge wa Ludewa, Deo Filikunjombe, alikufa kwa ajali ya helikopta katika Pori la Akiba la Selous pamoja na wote watatu aliokuwa nao. Tangu hapo ratiba ya kampeni yenye mikutano mitano kwa siku inanitia hofu.

Kukataa huko nakujua kwa wachimbaji. Kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Geita na Kahama, mchimbaji mkongwe akisikia matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, yanalia hashuki, hata mwenye duara afoke. Kijana mgeni hushuka, kwa kuogopa kibarua kuota nyasi. Lakini jioni moja nilimwona rubani kijana amesimama mlangoni mwa chopa, anatazama wingu zito upande wa Kahama. Msaidizi akaja mbio: "Kapteni, mheshimiwa anamalizia, dakika kumi tu." Akajibu kwa upole, "Kaka, wingu lile halisubiri. Leo nendeni kwa gari." Wakubwa walinuna, wakaondoka kwa gari. Mgambo wakailinda chopa mpaka asubuhi, nayo mvua ikanyesha usiku kucha.

5. Kiwanja nacho kinaua. Vumbi letu la kiangazi likiinuka, rubani haoni ardhi katika zile mita za mwisho. Waandaaji wa kampeni zijazo wamwagie uwanja maji kabla chopa haijafika, wazuie watu wasisogelee mkia, maana panga la nyuma likizunguka halionekani, na wawe na gari la akiba lenye mafuta, dereva yupo, jina lake liandikwe kwenye ratiba ileile ya mheshimiwa.