Kubandika na Kubandua Fosfati: Sitiari ya Istilahi na Saratani ya Watoto Katika Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilifungua njia kwa masomo ya sayansi katika Kiswahili. Biolojia ya seli imepiga hatua nyingi tangu hapo, na istilahi zake hutafsiriwa kwa pupa. Makala haya yanachunguza moja tu: tendo la kuongeza fosfati juu ya protini. Wafasiri wengi huona tendo hilo ni “kuwasha” protini. Hoja ya makala haya ni kwamba sitiari hiyo inapotosha, na kwamba ugonjwa uliotambuliwa kwanza hapa Afrika Mashariki ndio unaoonyesha upotoshaji huo waziwazi.

Tendo lenyewe ni dogo. Kimeng’enya kiitwacho kinasi huchukua fosfati kutoka katika molekuli ya ATP na kuiweka juu ya asidi amino ya protini, aghalabu serini, threonini au tairosini. Kimeng’enya cha kundi jingine, fosfatasi, huiondoa. Edmond Fischer na Edwin Krebs walilieleza jambo hili katikati ya miaka ya 1950 walipochunguza misuli ya sungura, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Katika misuli ile, fosfati iliamsha kimeng’enya kilichokuwa kimelala. Kwa mfano huo, “kuwasha” ni neno linalofaa kabisa.

2.0 Fosfati mbili juu ya protini moja

Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari hadi kusini mwa Afrika wakiuliza hospitali kwa hospitali, na ikadhihirika kuwa katika Afrika Mashariki ugonjwa huwa adimu juu ya mita 1,500 hivi. Ramani yake ilifanana na ya malaria. Mtu aliyezoea Usambara hahitaji kufafanuliwa sana: malaria hupungua kadiri apandavyo kutoka tambarare za Muheza na Korogwe kuelekea Lushoto. Leo inajulikana kuwa malaria ya mara kwa mara, pamoja na virusi vya Epstein-Barr vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika seli za uvimbe huo, huandaa mazingira ya saratani hii.

Kiini chake, hata hivyo, kimo ndani ya seli. Mwaka 1982 ilibainika kuwa jeni ya MYC, iliyo katika kromosomu ya 8, huhamishwa mara nyingi hadi kromosomu ya 14, mahali ambapo seli B huchochea sana uzalishaji. MYC si adui kwa asili yake. Kiinitete cha panya kisicho nayo hufa kabla ya kuzaliwa, kwa kuwa tishu changa huihitaji ili seli zigawanyike. Lakini huhitajika kwa kipimo, na kwa kawaida molekuli zake hudumu kwa nusu saa hivi tu.

Kinachopima muda huo ni fosfati. Ikiwekwa juu ya serini ya 62, MYC huimarika. Kisha kinasi ya GSK3 huweka nyingine juu ya threonini ya 58, ile ya kwanza huondolewa, na protini ya FBW7 huitambua MYC hiyo na kuipeleka ikavunjwe. Tendo ni lilelile, protini ni ileile, na nafasi zimetengana kwa asidi amino nne tu. Moja hulinda na nyingine huhukumu kifo. Katika uvimbe mwingi wa Burkitt, threonini ya 58 au jirani zake zimebadilika, hukumu haisomeki, na MYC hurundikana.

Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa fosfati “huwasha” atakwama hapa. Atadhani pia kuwa kuzuia kinasi yoyote ni tiba. Imatinibi, dawa iliyoidhinishwa mwaka 2001 kwa aina moja ya saratani ya damu, huzuia kinasi iliyokataa kuzimika. Lakini kuizuia GSK3 isiweke fosfati juu ya threonini ya 58 ni kuirefushia MYC maisha.

3.0 Uteuzi wa istilahi

Kukopa moja kwa moja kungetupa “fosforilesheni”, neno lisilonyumbulika kwa urahisi. “Fosfatisha” linanyumbulika, lakini halina kinyume chake. Kiswahili kina jozi iliyo tayari katika kauli ya kutendua: bandika na bandua. Mtu hubandika tangazo la harusi au la mnada kwa gundi ileile. Kitenzi hakisemi kilichoandikwa. Hiyo ndiyo sifa inayotakiwa.

Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi huelekeza kutazama pia lugha nyingine za Kibantu. Kishambaa hakihitajiki kutoa neno hapa, ila kinatoa funzo. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wakulima wa Usambara, anaeleza jozi ya kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuidhuru. Uwezo uleule wa mvua uliweza kufanya yote mawili. Mzazi wa Zirai aliyelelewa na fikra ya namna hiyo hatashangazwa na alama inayoponya hapa na kuua pale. Huenda akashangazwa zaidi na swichi, hasa akiwa anaelezwa ugonjwa wa mwanawe kwa Kiswahili ambacho si lugha ya nyumbani kwake.

Kwa jozi hiyo, sentensi ya kitabu cha chuo yaweza kuandikwa hivi: “Kinasi hubandika fosfati juu ya threonini ya 58, MYC iliyobandikwa hapo huvunjwa, na isiyobandikika huendelea kuzigawa seli.”