Shukrani za Alfajiri

Kisukuma kina neno la kuamkiana asubuhi, nalo ni Mwangaluka. Neno la kushukuru ni Wabeja. Nyumbani kwetu, katika kijiji kimoja cha Shinyanga, maneno hayo mawili husemwa kila siku kabla ya jua kuchomoza, na kabla yake hakuna anayesema lolote. Sisi tunaokaa bweni, tunaoamshwa kwa kengele, ndio tunaojua thamani ya ukimya ule. Likizo iliyopita nilitaka kujifunza jambo moja tu: Bibi asemapo Wabeja huku akiota moto, humshukuru nani?

Nilianza na huo moto. Mama huamka saa kumi na moja, hufukua kaa lililolala majivuni tangu jana, huweka vijiti vya mgunga katikati ya mafiga, kisha hupuliza. Watu wengi hudhani kwamba kuni ni kitu cha kuokota tu. Huku kwetu sivyo. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyekesha mapori mengi ili kuwaangamiza mbung'o, wale inzi waletao malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Baadaye mashamba ya pamba na wingi wa mifugo vikamaliza sehemu kubwa ya miti iliyosalia, hata Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania. Bibi husimulia kwamba siku zile walipikia mabua ya pamba na samadi kavu, na moshi wake uliwatoa machozi watoto.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Uzuri wake, kwa maoni yangu, ni kwamba wataalamu waliwauliza wazee. Wazee walikuwa na desturi ya ngitili: kipande cha malisho hufungwa mvua zianzapo, ng'ombe wasiingie, nacho hufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali. Hesabu ya mwaka ule ilipata hekta 600 hivi tu za ngitili. Mradi ulipokwisha mwaka 2004 zilikuwa mamia ya maelfu. Mahali pengi miti haikupandwa hata kidogo. Visiki vilichipua vyenyewe kwa sababu viliachwa. Akataye bila ruhusa hushtakiwa mbele ya dagashida, ndio mkutano wa wanakijiji, na faini yake si mchezo. Basi kijiti anachokitia Mama motoni kina watu wengi nyuma yake, na baadhi yao wamekwisha kufariki.

Kuhusu maji nitasema kwa kifupi. Zamani wakati wa kiangazi kina mama walichimba mchanga wa mto mkavu, wakangoja maji yajikusanye, wakachota kwa kibuyu. Mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria, yanayovutwa kutoka Ihelele wilayani Misungwi, yalifika Shinyanga na Kahama kwa bomba. Leo dumu hujaa kioskini kabla uji haujachemka.

Hata ukimya wenyewe una historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulizidi sana, na usiku ulikuwa wa mayowe. Ndipo vijiji vya huku vikaunda Sungusungu. Najua kwamba jina hilo limelaumiwa pia kwa ukali, wala si bila sababu, lakini Bibi hakubali lisemwe vibaya mbele yake.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalotuhusu zaidi. Baba yetu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Geita. Hayumo katika mgodi mkubwa ulioanza kazi mwaka 2000. Yeye na wenzake hushuka kwa kamba katika duara, yaani shimo ambalo kuta zake huzuiwa na miti iitwayo matimba. Kila siku hutupigia simu saa kumi na mbili kasorobo, kabla ya kushuka. Mazungumzo ni mafupi mno. “Mwangaluka.” “Mwangaluka.” Hapo ndipo Mama hugawa uji na michembe.

Wakati wa mvua za mwaka jana duara lililo jirani na lao liliporomoka usiku. Kwa bahati hapakuwa na mtu ndani. Sisi tulisikia habari hiyo alfajiri kwa jirani, na simu ya Baba haikuja. Uji ulipoa. Saa tatu simu ilipolia, Bibi alisema Wabeja kabla haijapokelewa.

Baba alieleza kwamba walikuwa wamekwenda kutafuta matimba mapya, kwa kuwa yale ya zamani walikuwa hawayaamini tena. Nikamwuliza wameyapata wapi. Akasema, “Mbali sana, mwanangu. Hapa karibu na machimbo miti imekwisha.”