Kilo ya Sukari Inakaa Siku Ngapi Kwenu?

Somo la safari hii ni la jikoni. Lisomeni mkiwa pamoja, na anayejua kusoma awaelezee wenzake kwa Kiturkana.

Tukitembelea vikundi, kuanzia Namoruputh mpaka Lodwar na kule Kakuma, tunasikia jambo moja. Mama anasema hali sana, lakini nguo za mwaka juzi hazimtoshi. Mwenye kibanda cha chai ameambiwa kliniki kwamba presha yake iko juu. Wengi wanashangaa, maana tumezoea kudhani unene ni shida ya watu wa Nairobi, na shida yetu ni njaa. Njaa ipo, hatukatai. Lakini siku hizi utakuta katika boma moja mtoto amekonda na mama yake anaongezeka pole pole, na wote wawili wanakula kutoka sufuria moja.

Hebu tufanye hesabu. Kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa bila kilima, kina gramu 4 hivi za sukari. Kwa hiyo kilo moja ni vijiko 250. Nyumba ya watu watano ikimaliza kilo kwa siku mbili, hiyo ni vijiko 125 kwa siku, yaani 25 kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongeza isizidi kama vijiko 12 kwa mtu mzima kwa siku, na ikiwa 6 ni bora zaidi. Kwa vijiko 6, kilo ile ile ingekaa siku 8. Na asali inahesabiwa humo humo, msituambie asali ni dawa. Soda moja ndogo ya chupa peke yake ina karibu vijiko 8.

Kikundi kimoja cha akina mama tulikifanyia hesabu hii chini ya mti. Kwanza walicheka. Halafu mmoja akaanza kuhesabu ni mbuzi wangapi wake wameishia kwenye kikombe, na kicheko kikaisha.

Ubaya wa sukari ya chai ni kwamba inapita bila tumbo kujua limekula. Umekunywa vikombe vinne, na bado unangoja ugali. Ugali nao, chapati na mandazi, vikifika tumboni vinageuka kuwa sukari ndani ya damu. Ukienda mtoni kuchota maji au ukifuata mbuzi siku nzima, mwili unaichoma. Ukikaa dukani kutoka asubuhi mpaka jioni, mwili unaiweka akiba, na akiba yenyewe ni mafuta. Nusu kilo kwa mwezi hutaiona. Kwa mwaka ni kilo 6, na hiyo mshipi wa nguo utaiona.

Mzee mmoja alitupinga akasema hata raiya, wale wa malishoni, wanakunywa chai tamu na hawanenepi. Ana haki ya kuuliza. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliopima Waturkana wazima zaidi ya 1,200. Walioendelea na ufugaji walikuwa na afya nzuri ya moyo na damu. Walioacha mifugo lakini wakabaki kijijini, wakichoma makaa au kusuka vikapu, hawakuwa na tofauti kubwa na wafugaji. Waliohamia mijini ndio waliozidi kwa uzito, presha na sukari ya damu. Kwa hiyo si unga peke yake wala sukari peke yake. Ni unga na sukari na mafuta ya kukaangia kila siku, pamoja na kukaa. Na mji hauko mbali: bodaboda, kibanda cha chapati na friji ya soda vinatufuata hapa hapa.

Sasa tafadhali sikieni vizuri. Somo hili si la kila mtu. Mtoto ambaye mkanda wa mkono unaonyesha njano au nyekundu asipunguziwe chakula hata kidogo, apelekwe kwa mhudumu wa afya. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mgonjwa wa TB wasipunguze chakula. Wakati wa ukame, maziwa yakiisha na chai ikawa ndiyo chakula chenyewe, hatuwezi kumwambia mtu aimwage. Na anayetumia dawa au sindano ya kisukari asikate ugali ghafla kabla ya kuongea na kliniki, maana sukari inaweza kushuka mpaka akaanguka.

Utajuaje kama ni lako? Mizani si lazima. Chukua kamba, jipime urefu kutoka kisigino mpaka utosi, uikate hapo. Ikunje mara mbili, kisha uizungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu. Ikikutana, kiuno chako hakijazidi. Isipokutana, somo ni lako. (Kwa mama mjamzito kipimo hiki hakifai.)

Kupunguza kwenyewe kuwe pole pole. Aliyezoea vijiko vinne ashuke nusu kijiko kila wiki. Ulimi unazoea bila vita. Akibuk haihitaji sukari, na wageni wapewe hiyo ikiwa maziwa yapo. Ugali upungue kwenye sahani, na nafasi yake ichukuliwe na kunde, majani yake, maharagwe, nyama au samaki mkavu wa ziwani. Usipunguze ugali halafu ukajaza mandazi. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye mtungi. Na chai ya mkutano wa kikundi ipikwe bila sukari, kila mtu ajitilie mwenyewe mbele ya wenzake. Hapo ndipo mtaona!

Kabla ya mkutano ujao, kila nyumba inunue kilo moja, iandike tarehe ya kuifungua kwenye pakiti, na siku ya kuisha. Kila mtu aje na kamba yake. Mwandishi wa kikundi aandike siku tu, asiandike majina, kisha mjadili: tofauti kati ya nyumba na nyumba inatoka wapi, na pesa ikibaki itanunua nini?