Runinga Hushikwa na Tofali, Si Lipu

Breketi nyingi za runinga huuzwa zikiwa na kifuko cha skrubu na plagi za plastiki. Usikiamini upesi. Aliyekijaza hajui ukuta wako umejengwa kwa nini, wala fundi wako alipiga lipu nene kiasi gani.

Lipu ya ndani kwa kawaida huwa na unene wa milimita 12 hadi 20. Pale ukuta ulipokwenda upande, fundi huunyoosha kwa kuongeza lipu, na unene ukafika milimita 30. Sasa piga hesabu: skrubu ya milimita 40 ikishapita kwenye chuma cha breketi na lipu ya aina hiyo, ncha yake imegusa tofali tu. Siku ya kwanza itashika vizuri, kisha lipu itaanza kumeguka. Skrubu inapaswa kuzama kama milimita 50 ndani ya tofali lenyewe, kwa hiyo nunua yenye unene wa milimita 8 na urefu wa milimita 80 au zaidi, pamoja na plagi zinazolingana nayo.

Kabla ya kutoboa, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukisikia sauti ya uwazi, huenda lipu imeachana na tofali, sogea pengine. Usitoboe juu, chini wala pembeni mwa soketi au swichi kwa mstari ulionyooka, maana mabomba ya nyaya hupita humo, mengi yakishuka kutoka darini. Hata ukiwa na hakika, zima umeme kwenye swichi kuu na utumie drili ya betri.

Shikilia breketi ukutani, iweke sawa kwa pimamaji, tia alama kwa penseli. Funga utepe kwenye biti kuonyesha kina unachotaka, kisha toboa ukitazama vumbi. Kwenye tofali la kuchoma, vumbi la kijivu hugeuka jekundu mara biti inapoliingia, na hapo unaujua unene wa lipu yako. Tofali la saruji halikupi ishara hiyo, kwa kuwa vumbi lote ni la kijivu. Sikiliza mkono, utahisi ugumu ukibadilika. Biti ikizama ghafla kwenye tofali lenye uwazi, plagi ya kawaida haitafaa. Ikiangukia kwenye kiungo cha udongo laini, hamisha tundu.

Toa vumbi lote. Plagi iliyolala juu ya vumbi huzunguka pamoja na skrubu. Isukume hadi ipite lipu na kukaa ndani ya tofali, kwani ikitanukia kwenye lipu itaipasua. Tundu likiwa pana, wapo wanaogongelea kabari ya mbao au njiti za kiberiti. Mbao ikikauka husinyaa, na mchwa wakiipata ndiyo basi. Afadhali kuliziba kwa saruji na kutoboa upya kando yake.

Breketi ikishafungwa, ivute kwa nguvu kwa mikono miwili kabla ya kupandisha runinga. Pima pia nafasi ya matundu ya nyuma ya runinga, kwa mfano milimita 200 kwa 200 au 400 kwa 400, maana breketi isiyolingana nayo haifungiki. Breketi ya mkono unaovutwa nje mimi siipendi kwenye kuta za kawaida: kadiri runinga inavyosogea mbali na ukuta, ndivyo skrubu za juu zinavyong'olewa.

Kwenye tofali mbichi za udongo, plagi haziaminiki kabisa. Tumia boliti ndefu zinazotoboa ukuta mzima, na upande wa pili uweke kipande cha chuma kipana chini ya nati. Kama huwezi kuufikia upande huo, weka runinga juu ya meza nzito, mbali na ukingo ambao mtoto anaweza kuufikia.