MPAKA WA MCHORAJI: SOMO LA HUKUMU ZA FRIBOURG, INNSBRUCK NA LONDON

Somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo watu hulizungumza barazani kwa ghadhabu nyingi na ilimu kidogo. Mtu akichora picha, au akitengeneza sinema, au akitunga kitabu, kikaja kikawaudhi watu katika dini yao au katika haya zao, je, sheria za zama hizi zamwacha kwa kuwa amesema, "Hii ni sanaa"? Wako wasemao kwamba Wazungu hawana mpaka katika jambo hili, kila kitu kwao ni ruhusa. Na wako wasemao kwamba yatosha watu kuudhika, na sheria itafuata. Kauli zote mbili si sahihi, na dalili yake ni hukumu zilizokwisha kutolewa.

Kwanza ujue asili ya kanuni yenyewe. Mwaka 1950 mataifa ya Ulaya yaliandikiana Mkataba wa Haki za Binadamu, na kifungu chake cha 10 kina sehemu mbili. Ya kwanza yampa kila mtu uhuru wa kutoa fikira zake. Ya pili yasema kwamba uhuru huo una wajibu ndani yake, na serikali yaweza kuuwekea mpaka, lakini kwa masharti: mpaka uwe umo katika sheria, uwe na makusudio ya halali kama kulinda maadili au haki za watu wengine, na uwe ni wa lazima kweli katika jamii ya kidemokrasia. Mwaka 1976 mahakama ya mkataba huo, iliyoko Strasbourg, ilieleza kwamba uhuru huu haukuwekwa kwa maneno ya kupendeza tu, bali hata kwa yale yaudhiyo na kushtusha.

Sasa tuingie Fribourg, katika nchi ya Uswisi. Mwaka 1981 jimbo hilo lilikuwa likisherehekea miaka 500 tangu kuingia katika umoja wa Uswisi, na katika sherehe hizo yalifanywa maonyesho ya sanaa. Mchoraji Josef Felix Müller alichora hapo hapo, kwa muda wa siku tatu usiku, picha tatu kubwa zenye mambo ya faraghani na mengine ambayo kalamu hii yaona haya kuyataja. Mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. Hapakuwa na kiingilio, wala umri uliowekwa, wala onyo. Baba mmoja alimwona binti yake mdogo ametaharuki kwa alichokiona, akapeleka mashtaka. Mgeni mwingine aliangusha picha moja akaikanyaga, na huyu wa pili simsifu, kwani mali ya mtu haihukumiwi kwa miguu. Serikali ikazikamata picha. Mchoraji na wenziwe tisa walioandaa maonyesho wakatozwa faini ya faranga 300 kila mmoja. Na picha zikawekwa katika jumba la makumbusho la jimbo, zisionwe illa na wataalamu.

Wakaenda Strasbourg, wakatoa hoja kwamba mchoraji huyu amekwisha kuonyesha kazi za namna hiyo mahali pengine asiguswe. Hukumu ilitoka tarehe 24 Mei 1988, nayo iliwapinga. Majaji walisema kwamba hakuna kipimo kimoja cha maadili kwa Ulaya nzima, na majaji wa mahali ndio waijuao zaidi hali ya watu wao. Na kwamba picha zilikuwa mbele ya kila aingiaye, hata watoto. Lakini angalia: mwaka huo huo, kabla ya hukumu hiyo kutoka, mahakama ya Uswisi yenyewe ilikuwa imekwisha kumrudishia mchoraji picha zake.

Huenda ukadhani, basi kosa lilikuwa ni mlango tu, na lau ungalifungwa, hapangalikuwa na neno. Ndipo tufikapo Innsbruck, katika nchi ya Austria. Mwezi wa Mei 1985 chama kimoja chenye jumba la sinema kilitangaza kuonyesha sinema ya Werner Schroeter iitwayo "Das Liebeskonzil", iliyotokana na mchezo wa Oskar Panizza, ambaye mwaka 1895 alifungwa kwa ajili ya mchezo huo. Sinema hii ina dhihaka juu ya Mungu, na juu ya Nabii Isa na Bibi Maryam, ambao sisi nasi twawatukuza. Chama kilichukua tahadhari zote: saa nne za usiku, kwa kiingilio, kwa waliopita umri wa miaka 17, na tangazo lilieleza ni sinema ya namna gani. Dayosisi ya Kikatoliki ilishtaki kabla ya siku kufika, na tarehe 12 Mei sinema ikakamatwa. Waliokuja kesho yake walisomewa maneno ya sinema na kuyazungumza.

Tarehe 20 Septemba 1994 majaji sita wa Strasbourg dhidi ya watatu waliikubali hatua ya Austria. Wale watatu walisema kwamba mtu aliyekwisha kuonywa hawezi kusema ameshtukizwa, na asiyetaka kuona alikuwa na hiari ya kubaki kwake. Wale sita walisema kwamba waumini wana haki ya kuheshimiwa katika itikadi zao, na wakataja kwamba katika jimbo la Tirol watu 87 katika kila 100 ni Wakatoliki.

Nakiri kwamba moyo wangu, niliposoma mara ya kwanza, uliwafurahia wale sita. Kisha nikasimama kwenye ile hesabu ya 87. Kwani ikiwa mizani ya heshima ni wingi wa watu, nini hali ya waumini walio 10 katika 100?

Jawabu tunaliona London. Kitabu cha Salman Rushdie kilipotoka mwaka 1988, Mwislamu mmoja alikwenda kortini kwa adabu, akaomba mwandishi na mwenye kuchapa waitwe kwa sheria ya kukufuru. Mwaka 1990 majaji wakamjibu kwamba sheria hiyo ya Uingereza yalinda dini ya Kikristo peke yake. Ilhali sinema fupi iitwayo "Visions of Ecstasy", juu ya Mtakatifu Teresa wa Avila, ilinyimwa ruhusa mwaka 1989 kwa sheria ile ile, na mwaka 1996 Strasbourg ikaikubali hatua hiyo. Sheria moja, nchi moja, huyu akalindwa na yule akarudishwa mlangoni. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2008 katika Uingereza na Wales, na sinema ile ikapewa ruhusa mwaka 2012.

Ama sisi wa pwani ya Kenya, katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 33 yautaja uhuru wa ubunifu wa sanaa kwa jina lake. Kisha yatoa nje ya uhuru huo uchochezi wa vita na wa fujo, maneno ya chuki, na kueneza chuki kwa sababu za ubaguzi, na dini ni mojawapo ya sababu hizo. Haikutaja dini ya wengi wala ya wachache. Na kanuni ya adhabu, katika kifungu cha 138, yamshika mwenye kuumiza hisia za dini za mtu yeyote, lakini kwa sharti awe amekusudia. Basi mwenye kushtaki haimtoshi kuonyesha kwamba ameudhika. Yampasa athibitishe kusudi la aliyeudhi, kwa tarehe, na mahali, na mashahidi walioona kwa macho yao, si waliosimuliwa.