Kuhamia Mashambani England Ukiwa Peke Yako: Piga Hesabu Hizi Kabla ya Kulipia Nyumba

Uingereza ni mojawapo ya nchi ambako pesa nyingi za Wakenya wa ng'ambo hutoka. Nyuma ya kila meseji ya "umepokea" kuna mtu aliyelipa kodi ya nyumba, stima, chakula na nauli kwanza, kisha akatuma kilichobaki. Mahali anapoishi huamua sana kilichobaki ni kiasi gani.

Somo hili ni lako wewe unayepanga kuishi peke yako England, na unafikiria kukwepa gharama za London kwa kwenda mashambani. Huenda wewe ni nesi uliyepata kazi, mwanafunzi uliyemaliza masomo, au mhudumu wa wazee uliye huko tayari na unataka kubadilisha mwajiri. Familia iliyobaki nyumbani pia isome, ili ijue kwa nini "kodi ni rahisi" haimaanishi "pesa zitakuwa nyingi".

Jambo kubwa ni hili: mashambani kodi ya nyumba hushuka, lakini umbali una bei yake. Ukiwa peke yako hakuna wa kugawana naye bei hiyo.

1. Mashambani ya kule yakoje?

Kwa takwimu rasmi za England, makazi yenye watu chini ya 10,000 huhesabiwa kuwa mashambani. Kundi hilo ni pana. Ndani yake kuna kijiji cha nyumba arobaini kisicho na hata duka moja, na pia mji mdogo wa soko wenye supamaketi, daktari, duka la dawa na kituo cha basi.

Usitarajie bodaboda pale njia panda wala matatu ya kusimamisha kwa mkono. Basi lina ratiba, na likikupita unangoja lingine, pengine saa mbili, pengine mpaka kesho. Ndiyo maana kwa mtu aliye peke yake na asiye na gari, ushauri wetu ni kuanza na mji mdogo wa soko, au kijiji kilicho kwenye njia ya basi inayofika mji huo kila siku.

2. Anza na viza na kazi, nyumba baadaye

Kama viza yako inategemea mwajiri, huwezi kuchagua kijiji kwanza halafu kazi ikufuate. Mwajiri lazima awe kwenye orodha ya wadhamini walioidhinishwa na serikali ya Uingereza. Orodha hiyo iko wazi kwenye tovuti ya GOV.UK, na kuikagua ni bure.

Sheria zimebadilika sana. Tangu tarehe 11 Machi 2024, wahudumu wa wazee na wagonjwa wanaoanza kwa viza hiyo hawaruhusiwi kwenda na mume, mke au watoto. Na tangu tarehe 22 Julai 2025, nafasi hizo zimefungwa kwa waombaji wapya walio nje ya Uingereza. Kwa hivyo mtu akikuambia leo ukiwa Nakuru au Kisii kwamba ana nafasi ya kulea wazee huko kijijini na anataka umtumie "ya kufungua faili", weka simu chini. Mawakala wa ajira wa Kenya wenye leseni unaweza kuwahakikisha kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Uliza pia: kazi hii ikiisha, kuna mwajiri mwingine karibu? Udhamini ukikatika, kwa kawaida unabaki na siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Katika kijiji chenye nyumba moja tu ya kutunzia wazee, siku 60 ni chache mno. Katika mji ulio karibu na hospitali kubwa, una pa kubisha hodi.

3. Basi kwanza, mandhari baadaye

Picha za milima na kondoo ni nzuri, lakini hazikufikishi kazini. Chukua postikodi ya nyumba, yaani ule msimbo wa herufi na namba wa anwani, uiweke kwenye ramani ya simu. Kisha uliza maswali manne:

- Basi la kwanza asubuhi linafika kazini kabla ya shifti kuanza?
- La mwisho linaondoka baada ya shifti kuisha?
- Jumapili kuna basi? Njia nyingi za vijijini hazina.
- Tarehe 25 Desemba utafikaje? Siku hiyo treni hazitembei na mabasi karibu yote yamelala, lakini wagonjwa wako palepale.

Nauli yenyewe si mbaya. Tangu Januari 2025, safari moja kwenye njia nyingi za basi nje ya London imewekewa kikomo cha pauni 3. Ukienda na kurudi siku 20 kwa mwezi, hiyo ni pauni 120.

Na gari je? Leseni ya Kenya inakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tu tangu uanze kuishi huko. Baada ya hapo lazima uwe umefanya mtihani wa nadharia na wa barabarani wa Uingereza. Bima ya dereva mgeni huwa ghali. Kazi ikitaka gari, tia gharama hiyo kwenye hesabu kabla ya kusaini.

4. Hesabu kamili, kijiji dhidi ya mji mdogo

Tuchukue mfano. Takwimu hizi ni za kufundishia tu; weka za kwako. Mtu mmoja anachagua kati ya nyumba mbili.

Kijijini, anahitaji gari:
- Kodi ya nyumba: pauni 550
- Kodi ya baraza la mtaa: 110
- Mafuta ya kupasha nyumba joto na stima: 150
- Gari (bima, petroli, matengenezo): 260
- Jumla: pauni 1,070

Mji mdogo, anatembea kwenda kazini:
- Kodi ya nyumba: pauni 680
- Kodi ya baraza la mtaa: 105
- Gesi na stima: 120
- Basi mara kumi kwa mwezi: 30
- Jumla: pauni 935

Nyumba ya kijijini ilionekana nafuu kwa pauni 130. Mwisho wa mwezi imekuwa ghali kwa pauni 135. Tukichukua pauni moja kuwa Sh170 kwa urahisi wa hesabu, hiyo ni Sh22,950 kila mwezi, zaidi ya Sh275,000 kwa mwaka. Huo ni msaada ambao haukufika nyumbani, na hakuna mtu aliyeufuja.

Kidokezo cha pesa: ukiwa mtu mzima pekee ndani ya nyumba, una haki ya kupunguziwa asilimia 25 ya kodi ya baraza la mtaa. Lakini lazima uombe.

5. Ikague nyumba yenyewe

Joto. Nyumba nyingi za vijijini haziko kwenye bomba la gesi. Hutumia mafuta yanayoletwa kwa lori na kujazwa kwenye tangi, na wauzaji wengi hawaleti chini ya lita 500. Hapo unatoa pesa nyingi kwa mpigo mmoja, mara nyingi baridi ikikaribia. Uliza cheti cha matumizi ya nishati, ambacho hupangwa kutoka A hadi G. Nyumba ya kupangisha inatakiwa kuwa angalau E, isipokuwa ile iliyopewa msamaha maalum.

Maji. Bonde zuri la mto linaweza kufurika. Tewkesbury ilizingirwa na maji Julai 2007, na Hebden Bridge ikafurika Desemba 2015. Tovuti ya serikali hukuonyesha hatari ya mafuriko kwa postikodi.

Mtandao. Kuta za mawe na mabonde humeza netiweki. Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa Uingereza, ana ukurasa wa kukagua mawimbi ya kila kampuni kwa postikodi. Hili si la WhatsApp tu. Bila netiweki, namba za uthibitisho za benki na za pochi yako hazikufikii.

Giza. Kaskazini mwa England, Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Barabara nyingi za vijijini hazina taa wala njia ya watembea kwa miguu. Jaketi la kung'aa na tochi si mapambo.

6. Kaunti moja, maisha tofauti

Usiseme "nahamia Northumberland" ukadhani umeshachagua. Hexham iko kwenye reli ya kati ya Newcastle na Carlisle, ina hospitali na maduka. Kielder, katika kaunti hiyohiyo, ni kijiji kilichozungukwa na msitu na ziwa, kinachosifika kwa anga la usiku lenye giza safi. Kwa likizo ni pazuri sana. Kwa mtu wa shifti za usiku asiye na gari, ni adhabu.

Ludlow, kaunti ya Shropshire, ni mji mdogo wenye treni za kwenda Shrewsbury na Hereford, kila upande takriban nusu saa. Maana yake, hata ukiishi mji mdogo, una miji miwili mikubwa zaidi ya kutafutia kazi.

Cornwall inavutia kwa bahari, lakini nyumba nyingi huko ni za wageni wa likizo, na kazi nyingi ni za msimu. Tatizo la nyumba lilifika mahali ambapo mwaka 2016 wakazi wa St Ives walipiga kura kwamba nyumba mpya ziwe za watu wanaoishi hapo mwaka mzima. Upande wa mashariki, Boston na Spalding kaunti ya Lincolnshire ni tambarare ya mboga na viwanda vya kufungasha chakula. Miji hiyo imezoea wafanyakazi kutoka nje.

7. Upweke nao una gharama

Kijijini unaweza kuwa Mwafrika pekee. Wengi watakusalimia vizuri. Wengine watakukodolea macho. Kabla ya kuhamia, lala hapo usiku mbili, moja ikiwa ya Jumapili. Ingia dukani, maktaba, kanisa au msikiti ulio karibu. Ona mtu wa kusuka nywele yuko umbali gani, na unga wa ugali unapatikana mji upi. Ukigundua kila wikendi utapanda treni kwenda kutafuta watu wako, nauli hiyo nayo iingie kwenye hesabu.

Ukishafika, jisajili mapema kwa daktari wa eneo. Usisubiri uugue. Namba ya dharura ni 999, na ushauri wa afya usio wa dharura ni 111.

8. Usitume depo kwa nyumba ambayo hakuna aliyeiona

Hapa ndipo watu hulia. Matangazo ya nyumba za uongo hupendelea mtu aliye mbali na mwenye haraka. Jua sheria ya England:

- Pesa ya kushikilia nyumba isizidi kodi ya wiki moja.
- Depo isizidi kodi ya wiki tano, ikiwa kodi ya mwaka iko chini ya pauni 50,000. Kwa nyumba ya pauni 550 kwa mwezi, hiyo ni kama pauni 634.
- Mwenye nyumba lazima aiweke depo kwenye mpango wa ulinzi ulioidhinishwa na serikali ndani ya siku 30.
- Lazima akague kama una haki ya kupanga nyumba England. Asiyeuliza karatasi yoyote, mshuku.

Mwenye nyumba anayedai yuko safarini na kukupa namba ya simu ya Kenya umtumie depo ni tapeli. Kama bado uko Kenya, omba mwajiri makazi ya muda ya wiki chache, kisha utafute nyumba ukiwa huko. Ukishatuma na kushtuka, tupigie simu mara moja, kisha uripoti polisi. Pesa ambazo hazijatolewa zina nafasi ya kuzuiwa. Zikishatolewa, kazi huwa ngumu.

9. Laini yako ya Kenya

Washa huduma ya roaming kabla ya kuondoka, na uitumie laini mara kwa mara. Laini iliyolala muda mrefu hufungwa na inaweza kupewa mtu mwingine. PIN usimwachie mtu, hata ndugu anayekusimamia ujenzi. Mtumie pesa kwenye namba yake mwenyewe.

Ukituma kutoka Uingereza, usiangalie ada peke yake. Linganisha shilingi ngapi zitaingia kwenye simu ya anayepokea baada ya ada na kiwango cha ubadilishaji. Na kumbuka Kenya iko mbele kwa saa tatu majira ya baridi na saa mbili majira ya joto. Ukituma saa nne usiku wa Desemba, mama ameshalala.

Kwa ufupi

Kabla ya kulipa chochote, andika kwenye karatasi moja: mwajiri na yule wa akiba, basi la kwanza na la mwisho, njia ya kupasha joto, netiweki, mafuriko, na jumla ya mwezi ikiwemo gari. Fanya hivyo kwa maeneo matatu. Mpe mtu mmoja nyumbani aisome, kisha mkubaliane kiasi utakachotuma baada ya jumla hiyo kutolewa. Makubaliano hayo mkiyafanya mapema, hakuna atakayekudhania umesahau nyumbani.